Kitabu cha PAO ambamo kila kitu kinaenda sawa



Leo nataka kuzungumza juu ya kitabu kimoja. Si kitabu cha kilimo, na najua kuna watakaouliza: agronome na vitabu vya ordinatere, wapi na wapi? Lakini munajua wenyewe namna tunavyoishi. Ukishapata diplome, watu wanadhani unajua kila kitu. Kuna ripoti ya kupanga vizuri? Ni wewe. Kuna karatasi ya kuwapa walimaji? Ni wewe tena. Basi nikaanza kujifunza PAO peke yangu, kwa kitabu cha mafunzo ya Scribus kwa wanaoanza. Kiko kwa Kifaransa, na nakala yangu ni fotokopi nyeusi na nyeupe isiyo na jalada. Nimekisoma mara mbili, mwanzo mpaka mwisho. Ninakiheshimu. Lakini kiko na kosa moja, na nadhani ni kosa la vitabu vingi vya aina hii.

Tuanze na uzuri wake. Kwanza, kimechagua programu nzuri. Scribus ni programu huru: unaichukua bure, hakuna leseni ya kununua, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Kwa sisi hilo si jambo dogo. Publisher ya Microsoft, ambayo wengi wetu ndiyo tuliyoanzia, kampuni yenyewe imetangaza kwamba itaacha kuihudumia mwezi wa 10 mwaka 2026.

Pili, kitabu hakikuchoshi na maneno. Ukurasa wa kwanza tu tayari unafungua karatasi ya A4, unapima kando zake kwa milimita, unachora kadre ya maandishi, unachora kadre ya picha. Mikono inafanya kazi kabla ya kichwa kuogopa. Tatu, sura ya mitindo imeandikwa na mtu anayejua kufundisha. Anakuonyesha kwamba ukiweka mtindo wa vichwa mara moja, kisha ukaubadilisha, vichwa vyote vya kitabu kizima vinabadilika pamoja. Kabla ya hapo nilikuwa nabadilisha kimoja kimoja, usiku kucha.

Sasa kosa. Zoezi la kitabu ni kutengeneza tangazo la tamasha la muziki. Maandishi umepewa, picha umepewa, vipimo umepewa. Unafuata hatua, na mwishoni tangazo linatoka sawasawa na lile la kwenye kitabu. Unafurahi. Lakini maandishi uliyopewa yalishapimwa ili yaenee ndani ya kadre. Hakuna kinachozidi, hakuna kinachopungua. Sisi wa kilimo tunalijua jambo hili. Ni shamba la majaribio la kituo: udongo mzuri, maji yapo, magugu yamepaliliwa, mavuno ni mengi. Kisha mulimaji anapanda mbegu ileile kwenye mteremko wake kule Kabare, na anashangaa juu ya nini haikuzaa vile.

Yaliyonipata ni haya. Nilitengeneza karatasi ya kukunja kwa sehemu tatu juu ya mnyauko wa migomba, ule tunaouita BXW. Nilieleza dalili: majani kugeuka njano na kunyauka, ndizi kuiva kabla ya wakati, na ukizikata unaona madoa ndani. Nikaeleza kuvunja ua dume kwa kijiti chenye pande mbili, bila kutumia panga. Nikaeleza kukata shina linalougua peke yake pale chini kwenye udongo, bila kung'oa shina zima la familia. Sentensi mbili za mwisho zilisema: kila ukikata shina moja, pitisha panga kwenye moto au lioshe kwa jik kabla ya kugusa jingine, kwa kuwa panga ndilo linalobeba bakteria.

Kila kitu kilienea. Kisha nikafikiri: wazee wataona kweli herufi hizi ndogo? Nikapandisha ukubwa kutoka 10 hadi 12. Ukurasa ukapendeza zaidi. Nikatoa PDF, nikachapisha nakala 200.

Tulipokuwa tumegawa kama 60, mama mmoja aliyesomewa na mtoto wake akaniita. «Agronome mwanangu, hii karatasi inasema nikate. Panga je? Naendelea nayo tu ku mugomba ingine?»

Nikamwambia: «Hapana mama, imeandikwa pale mwisho.» Nikachukua karatasi nimuonyeshe. Haikuwa imeandikwa. Zile sentensi mbili hazikuwapo. Nilikuwa nimewapa watu 60 karatasi inayowafundisha kukata migomba inayougua bila kusafisha panga. Yaani karatasi ya kueneza ugonjwa.

Juu ya nini zilipotea? Hapa ndipo tofauti ya PAO na Word. Kwenye Word maandishi yakizidi, yanasukumwa ukurasa unaofuata, unayaona. Kwenye Scribus kadre ni kama ndoo: haipanuki yenyewe. Kinachozidi hakifutwi, lakini hakionekani, hakichapishwi. Programu inakuonya kwa alama ndogo kwenye pembe ya chini ya kuume ya kadre.

Kitabu kinasema hivyo? Kinasema, nilirudi kutafuta. Ni nusu ya aya, ndani ya somo la kuunganisha kadre, na inasema tu uangalie «alama nyekundu». Kwenye fotokopi yangu nyekundu ni kijivu, na picha yote ya ukurasa ule ni kijivu. Kama mwandishi angeandika kwamba ni kisanduku chenye msalaba, kilicho pembeni chini, maelezo yangepona hata baada ya fotokopi kumi. Hakujua kwamba kitabu chake kingesomwa hivyo, sawa. Lakini somo la muhimu halitegemei rangi peke yake.

Kuna kibaya zaidi. Kabla ya kutoa PDF, Scribus inakagua kazi na kufungua dirisha lenye orodha ya makosa. Kwangu iliyafungua, nakumbuka vizuri. Ila kwenye zoezi la kitabu dirisha hilo linatokea pia, kwa sababu picha ya tamasha ina ubora mdogo, na kitabu kinasema: puuza makosa, endelea. Nilifanya vile nilivyofundishwa. Mara ya kwanza mwanafunzi kukutana na onyo, mwalimu wake amemwambia alipuuze. Kidole kikishazoea, macho hayasomi tena.

Sikatai sehemu yangu. Ningesoma karatasi moja iliyochapishwa na kuilinganisha na daftari langu, ningeona. Nakala 140 zilizobaki nilizikamilisha kwa bik, moja moja. Zile 60 nilizirudilia kwa miguu siku mbili, na si zote nilizipata.

Kwa hiyo, nikiulizwa kama kitabu kinafaa, najibu: ndiyo, kisomeni, hasa sura ya mitindo. Lakini zoezi lake la kwanza ningelibadilisha. Ningempa anayeanza maandishi marefu na kadre fupi, halafu nimuulize: maneno gani yamepotea? Atafute mwenyewe. Aone alama, aone dirisha la makosa, alisome mstari kwa mstari, kisha atengeneze. Tangazo zuri la tamasha lingekuja baadaye.

Sasa vijana wawili wa chama wananiomba niwafundishe, na ndivyo ninavyoanza nao. Siku ya kwanza walinuna kidogo, juu walitaka kutoka na kitu cha kuonyesha nyumbani. Walitoka na ukurasa mbaya uliokatika katikati ya sentensi. Siku ya pili, kabla ya kutoa PDF, mmoja wao alisimamisha mkono na kusema: «Yaya, hapa kuna kitu kimejificha.»