Kuhesabu heroe kwa picha za angani

Heroe wadogo wa Afrika Mashariki, wale flamingo wa maziwa ya Nakuru, Bogoria na Natron, hukadiriwa kuwa kati ya milioni 1.5 na milioni 2.5. Pengo la milioni nzima si la kupuuza, hasa tukikumbuka kwamba katika ukanda huu wote Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, ndilo mahali pekee wanapozaliana kwa kawaida. Sehemu ya pengo hilo hutokana na namna tunavyohesabu.

Anayehesabu kwa macho kutoka kwenye eropleni ana sekunde chache tu juu ya kila kundi. Heroe mia mbili atawapata bila taabu kubwa. Wakifika maelfu, jicho huacha kuhesabu na kuanza kukisia, na mara nyingi hukisia pungufu. Baadaye hakuna njia ya kumsahihisha, kwa kuwa alichokiona kimekwisha kupita. Picha hubaki, na mtu mwingine anaweza kuihesabu upya.

Ila picha yenyewe iwe ya kuhesabika. Chukua kamera yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24 na lenzi ya milimita 50, ikitazama chini wima kutoka mita 300. Kila picha itafunika mita 216 kwa 144 za ziwa. Upana huo ukigawanywa kwa pikseli 6,000, pikseli moja ni sentimita 3.6, na mwili wa heroe unapata takriban pikseli kumi kwa urefu. Hapo anaonekana peke yake. Rubani akipanda hadi mita 600, zinabaki tano, na heroe waliobanana wanageuka doa moja. Akishuka mno, kundi zima linaruka na kazi imeharibika. Kwa mwendo wa kilomita 180 kwa saa, kamera inatakiwa ipige karibu kila sekunde ili picha zipishane kwa asilimia 60.

Saa ya kuruka nayo ina uzito. Adhuhuri, jua la ikweta likiwa utosini, mng'ao wa maji hurudi moja kwa moja kwenye lenzi na kufuta kila kilichopo. Asubuhi mng'ao huo hukwepeka, lakini vivuli ni virefu na programu ya kompyuta inaweza kuvihesabu kama ndege. Mimi nachagua asubuhi bila kusita: kivuli unaweza kukitambua na kukitoa, lakini heroe aliyefutwa na mwanga hapatikani tena.

Kazi ngumu huanza mezani. Kwa kuwa picha zinapishana, heroe mmoja huonekana katika mbili au tatu. Mhesabuji huchora mpaka kati ya picha na picha, kisha huweka nukta juu ya kila ndege aliye upande wake. Ndege wakizidi mno, picha hugawanywa miraba na kuhesabiwa michache. Hapa wengi hukosea: wakichagua miraba iliyojaa tu, jumla inavimba. Miraba ichaguliwe kwa nasibu, penye msongamano na pembezoni palipo na ndege wachache. Makinda wapewe jicho la ziada, maana rangi yao ya kijivu hupotea kwenye tope. Watu wawili wahesabu picha zilezile bila kuonana, na tofauti yao ichapishwe pamoja na jumla.

Kuna jambo moja ambalo kamera haiwezi kulitatua. Heroe huhama usiku kutoka ziwa hadi ziwa, bila kujali mpaka wa nchi. Kundi lililopigwa picha Bogoria leo linaweza kuwa Natron kesho kutwa na kuhesabiwa mara ya pili, au likakosekana kotekote. Kwa hiyo Kenya, Tanzania na Ethiopia zirushe eropleni zao siku moja, kwa kimo kimoja, na picha zote zihifadhiwe mahali ambapo mtafiti wa nchi yoyote kati ya hizo anaweza kuzihesabu upya.