Umbu na Ndugu: Jamaa ya Yesu katika Biblia ya Kiswahili

Biblia ya Kiswahili iliyokamilika mwaka 1952, ambayo sharika zetu nyingi bado huisoma ibadani, ina neno ambalo vijana wengi hawalielewi. Katika Marko 3:35 na 6:3 ndugu wa kike huitwa umbu, kwa wingi maumbu. Watafsiri wa Habari Njema ya mwaka 1995 wameliondoa neno hilo na kuandika dada. Badiliko hili limepokewa kimya kimya. Sisi tunaohubiri chini ya milima ya Uluguru tunaona inafaa lichunguzwe, kwani kwa maoni yetu kilichopotea ni zaidi ya neno la kizamani.

Umbu ni ndugu wa jinsia nyingine: mwanamume humwita hivyo ndugu yake wa kike, na mwanamke humwita hivyo ndugu yake wa kiume. Dada, kwa asili, ni ndugu wa kike aliye mkubwa; lina heshima ya umri ndani yake, na siku hizi limeenea hata kwa mwanamke yeyote tunayekutana naye dukani au ofisini. Neno la Kiyunani, adelfe, halisemi lolote juu ya umri. Kwa hiyo watafsiri wa kwanza walikuwa karibu zaidi na maandiko, ingawa hatuwezi kuwalaumu wa pili kwa kutaka kueleweka.

Hapa Mzumbe jambo hili halimaliziki katika kamusi. Waluguru huhesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, haki ya ardhi ya ukoo hufuata njia hiyo, na mwenye sauti kubwa juu yake ni mjomba, yaani umbu la mama. Sasa tusome tena Marko 3:31-35. Mama na ndugu wamesimama nje wanamwita Yesu, naye anawatazama walioketi kumzunguka na kuwataja kwa majina ya jamaa: ndugu, umbu, mama. Baba hatajwi. Wahubiri wetu wengi wametoka katika makabila ya ukoo wa baba, kama vile Wachaga, Wahaya na Wahehe, nao huliona pengo hilo na kulijaza upesi kwa kusema kwamba Baba ni Mungu aliye mbinguni. Maelezo hayo si mabaya. Lakini msikilizaji wa Kiluguru haoni pengo lolote. Kwake orodha hiyo imetimia: ni ukoo wenyewe, wale ambao mtu huzikwa nao na kulima ardhi yao. Yesu hagusi nyumba ya wazazi tu. Anagusa mahali mtu anapopata jina na shamba. Katika Marko 10:29-30 mashamba yanatajwa pamoja na mama na ndugu, na katika yale yanayorudishwa mara mia baba hayumo tena. Mfuasi wa kwanza wa Yesu aliombwa kitu kizito kuliko tunavyokieleza katika madarasa ya kipaimara.

Neno ndugu lina shida ya namna nyingine, nayo ni upana wake. Tangu mwaka 383, Hieronimo alipomjibu Helvidio, kanisa limebishana kama ndugu za Yesu walizaliwa na Mariamu. Helvidio alisema ndiyo. Hieronimo alisema walikuwa watoto wa dada yake Mariamu. Wanafunzi wetu hushangaa wanapoambiwa kwamba Luther mwenyewe alibaki upande wa Hieronimo. Habari Njema ilitafsiriwa na Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja, na neno ndugu liliwawezesha wote kutia sahihi. Je, huku ni kukwepa? Ulaya pengine. Uluguruni mtoto wa mama mdogo ni ndugu kamili, wa ukoo uleule, kuliko hata mtoto wa baba kwa mke mwingine. Ugomvi wa Helvidio na Hieronimo, ukipandishwa mlimani, hupungua sana. Hata hivyo hatupaswi kusahau kwamba Kiyunani kilikuwa na neno la binamu, anepsios, lililotumika katika Wakolosai 4:10 juu ya Marko na Barnaba (Biblia ya 1952 imeandika mjomba!), na Paulo hakulitumia kwa Yakobo. Uamuzi wetu ni kwamba ndugu libaki katika maandiko, lakini mwalimu asilitumie kuficha swali.

Kuna na ndugu wa siasa. Chuo cha Mzumbe, kilichoanza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa, kikawa IDM mwaka 1972 na chuo kikuu mwaka 2001, kilifundisha maofisa waliozoea kuitana Ndugu mahali pa Bwana. Kwa masikio hayo cheo cha Yakobo katika Wagalatia 1:19, ndugu yake Bwana, kinachekesha kidogo: maneno yaliyoshindana ofisini yamepatana katika mtu mmoja.

Na huyo Yakobo ndiye anayetuzuia tusihubiri Marko 3 kana kwamba Yesu aliufuta ukoo. Aliyesimama nje anaonekana baadaye ndani: mama na ndugu wamo chumbani katika Matendo 1:14, Yakobo ametokewa na Bwana kwa ushuhuda wa 1 Wakorintho 15:7, na katika Matendo 15 ndiye anayetoa shauri la mwisho Yerusalemu. Yosefo anasimulia kuuawa kwake, mnamo mwaka 62. Baada yake, asema Eusebio, alichaguliwa Simeoni mwana wa Klopa, naye pia wa jamaa ya Bwana. Hapo tunasita. Je, kanisa la Yerusalemu lilimchagua Simeoni kwa imani yake, au kwa kuwa kiti kilihesabiwa kuwa cha ukoo? Eusebio haoni aibu kuutaja udugu huo kama sifa. Sharika zetu, kila unapofika uchaguzi wa wazee au wa askofu, zinalijua swali hilo vizuri, na Marko 3 husomwa mara chache sana siku hizo.