Barafu Yenye Kokoa Mpaka Mwisho

Watoto wa Mkuza, pale Kibaha, wana kipimo chao cha barafu ya kokoa. Mtoto hung'ata ncha ya kifuko, hunyonya, kisha huitazama iliyobaki. Barafu iliyotengenezwa ovyo hutoa utamu wote mwanzoni, kikabaki kipande cheupe cha maji yaliyoganda. Ya fundi hubaki ya kahawia na tamu mpaka inakwisha. Tofauti hiyo huanzia kwenye sufuria, saa nyingi kabla ya friza kuhusika.

Maji yakiganda polepole huganda peke yake, yakaisukuma kando sukari na kokoa. Ustadi wote wa mama anayetengeneza barafu ni kuyazuia yasijitenge.

Huanza na unga wa kokoa ukiwa mkavu. Unga huo una mafuta, na ukimwagwa ghafla kwenye maziwa huelea na kufanya mabonge. Yeye huuchanganya kwanza na sukari, akatia maji ya moto kidogo kidogo, akiuponda kwa mgongo wa kijiko mpaka upatikane uji mzito unaong'aa. Ndipo maziwa yanapoingia. Pembeni ameshakoroga unga kidogo wa ngano kwa maji baridi. Naye huumimina taratibu huku mwiko ukizunguka. Wanga huo ndio utakaoyashika maji. Kuanzia hapo haondoki jikoni. Moto huwa mdogo, mwiko hufika chini na pembeni, kwa sababu kokoa ikishika sufuria, harufu ya kuungua haifichiki hata kwa iliki. Hukoroga mpaka ladha ya unga mbichi iishe.

Kuonja nako kuna elimu yake. Baridi huufanya ulimi usihisi utamu sawasawa, kwa hiyo mchanganyiko ukiwa vuguvugu sharti uzidi utamu kidogo. Lakini sukari ikipita kiasi, barafu haikazi, inabaki tepetepe. Kati ya mipaka hiyo miwili hakuna kikombe cha kupimia kinachoshinda ulimi uliozoea. Chembe ya chumvi huikoleza kokoa.

Na kokoa yenyewe ni kazi ya watu. Kule Kyela, mkoani Mbeya, wakulima hupasua maganda, huchachusha mbegu kwa siku kadhaa, kisha huzianika juani. Bila hatua hizo ladha ya chokoleti haipatikani. Hata miwa ya sukari ina watafiti wake, tena hapohapo Kibaha, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI. Anayeharakisha dakika za mwisho jikoni huharibu jasho la wengi.

Rojo likiepuliwa hukorogwa mara kwa mara lisifanye utando, huchujwa, na huachwa lipoe kabisa. Vifuko hujazwa kwa faneli, pakiachwa nafasi chini ya fundo, kwani maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9. Kisha hulazwa kwenye sakafu ya friza, safu moja, kila kifuko kikigusa baridi. Vikirundikwa, vya katikati huchelewa kuganda na hutoka na chenga za barafu. Vizuri viingie usiku, wakati hakuna wa kufungua mlango kila mara.

Umeme ukikatika kwa muda mrefu barafu zikayeyuka, mwenye kujali hazigandishi upya akawauzia watoto. Vijidudu vya maradhi huzaana kwenye maziwa yaliyopata joto, na kuganda tena hakuviui. Hasara hiyo huibeba mwenyewe.

Naiheshimu kazi hii kwa sababu mteja wake ni mtoto. Hajui kudai haki yake wala kuuliza maziwa yalichemshwa vipi. Huleta sarafu yake na kuamini. Mama anayechuja, anayekoroga mpaka mwisho na anayemwaga kilichoharibika, humpa mtoto huyo heshima ileile anayompa mgeni mkubwa aliyeandaliwa meza.