Weusi Si Kivuli

Kujipiga picha ni kazi yenye udanganyifu mwingi kuliko kazi nyingine za kamera. Mpiga picha anayempiga mtu mwingine huwa na macho mawili yaliyo nje ya sura ile. Huona kama kidevu kimeinuka mno, kama kola imekaa upande, kama mtu anatabasamu kwa meno tu. Anayejipiga mwenyewe hana macho hayo. Wahenga walisema nyani haoni kundule, na methali hiyo hudhihirika sana mtu anapojipiga picha, akaipenda, kisha akaitundika ukutani. Hata hivyo ni kazi inayostahili kufanywa, tena kufanywa vizuri. Hapa nataka kuzipima picha za namna hiyo, hasa zisizo na rangi ila nyeusi na nyeupe, kwa kuwa zimerudi kwa wingi katika simu za vijana wetu wa Puge na Nzega. Nyingi ninazoonyeshwa ni dhaifu, na udhaifu wake una sababu zinazoweza kuelezwa na kurekebishwa.

Sababu ya kwanza ni kudhani kwamba picha nyeusi na nyeupe ni picha ya rangi iliyonyang'anywa rangi. Kijana hujipiga mbele ya ukuta wa kijani akiwa na shati jekundu, halafu hubonyeza mahali pa kuondoa rangi, na mara shati na ukuta huwa kijivu kimoja kisichotofautiana. Kilichokuwa kikiwatenganisha mtu na ukuta kilikuwa rangi tu, na rangi imekwenda. Anayetaka picha isiyo na rangi hana budi kuiona dunia bila rangi kabla hajapiga: kipi ni cheusi, kipi ni cheupe, na kipi kiko katikati. Akikunja macho kidogo, kama mtu aliyekutana na vumbi la mwezi wa nane katika barabara ya Tabora, rangi hupungua nguvu na mwanga hujitokeza. Hapo ndipo kazi inapoanza.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo inahusu ngozi zetu. Ndani ya kamera nyingi mna kipimo cha mwanga, na kipimo hicho ni kipofu cha namna yake. Chenyewe hakijui uso wala ukuta. Hudhani kwamba chochote kinachokitazama ni kijivu cha kati, kile kinachorudisha kiasi cha asilimia 18 ya mwanga. Msimamishe mtu mweusi mbele ya ukuta uliopakwa chokaa saa sita mchana: kipimo huona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na uso huwa doa lisilo na macho. Ukiisogeza kamera hadi uso ujae peke yake, kipimo huona weusi mwingi, huongeza mwanga, na mtu huwa kama aliyepakwa majivu. Mwenzetu mwenye ualbino hupatwa na kinyume chake: mbele ya mlango wenye giza uso wake hufutika ukawa karatasi tupu. Kwa hiyo anayekiachia kipimo kiamue amekubali kwamba sura yake iamuliwe na kitu kisichomwona.

Jambo hili lina historia, na sehemu ya historia hiyo ilipita karibu na hapa. James Grant, aliyesafiri na Speke mwaka 1860, alipiga picha Unguja, lakini kamera ile ilirudishwa pwani kabla ya safari kufika mbali, kwa sababu joto la hema dogo alimotayarishia vioo vyake lilikuwa likimdhuru. Hivyo njia ya misafara ilibaki kwa muda ikichorwa kwa mkono tu. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe na vitambaa kati ya Tabora na Bagamoyo hawakuwa na nafasi ya kusema wanataka kuonekana vipi.

Wachache waliofikiwa na kamera walifikiwa kwa masharti ya wengine. Mwaka 1871, huko Unyanyembe, mfanyabiashara Mwarabu alimpa Stanley mtoto mmoja. Stanley akambadilisha jina akamwita Kalulu, akaenda naye Uingereza, na mwaka 1872 walipigwa picha pamoja katika studio ya London, nyuma yao pazia lililochorwa mandhari ya Afrika. Mtoto aliyetoka katika nchi yenyewe alisimamishwa mbele ya nchi ya kuchora! Alikufa mwaka 1877 katika maporomoko ya mto Kongo, angali kijana. Chuma na Susi, walioupitisha mwili wa Livingstone hapa Unyanyembe hadi Bagamoyo, nao walipigwa picha Uingereza mwaka 1874, wakiwa pamoja na vitu vya marehemu. Ni picha za thamani, na mimi sizidharau. Lakini katika zote mtu wetu amewekwa kuwa ushahidi wa safari ya mtu mwingine.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Vioo vya picha vya wakati ule viliuona mwanga wa buluu na karibu havikuuona mwekundu. Ngozi ya kahawia hurudisha wekundu mwingi kuliko buluu. Kwa hiyo vioo vile viliifanya iwe nyeusi kupita ilivyo, na tofauti za uso mmoja na mwingine zikapotea. Msomaji anapotazama picha za wakati ule asidhani kwamba babu zetu walikuwa na nyuso zisizo na kitu. Kitu kilikuwapo, kioo ndicho kilichokuwa na upungufu.

Baadaye zikaja studio zetu wenyewe. Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Lamu, Omar Said Bakor alikata na kuunganisha picha kwa mkono mpaka mtu akatokea ndani ya ua. Studio za zama hizo zilikuwa na ufundi wa kusahihisha negativu kwa penseli: mahali palipopakwa penseli hapakupitisha mwanga mwingi, na kwenye karatasi pakatokea peupe zaidi. Kunyanzi zilitoweka, chunusi zikatoweka, na mteja aliyetaka kung'arishwa aling'arishwa. Hivyo ule urembeshaji unaofanywa na simu leo bila hata kuombwa, wa kulainisha mashavu na kuichubua ngozi, haukuanza leo. Tofauti ni hii: zamani mteja alimwambia fundi anachotaka, na fundi aliweza kukataa. Leo simu hutenda kwanza, na wengi hawajui kwamba imetenda. Nimeletewa picha ya binti wa hapa Puge ambayo mama yake mzazi alipoitazama aliuliza ni nani huyu. Swali hilo ni uhakiki mfupi kuliko wote, na sidhani kama unaweza kujibiwa.

Nani basi amefanya vizuri, ili tujifunze kwake? Wa kwanza ni Samuel Fosso. Alizaliwa Kamerun mwaka 1962, na mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka 13, alikuwa tayari na studio yake huko Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mchana alipiga wateja. Jioni, filamu ikibaki vipande vichache, alivimalizia kwa kujipiga mwenyewe, na baadhi ya picha akampelekea bibi yake Nigeria ili ajue kwamba mjukuu wake mzima. Ulimwengu ulizijua picha hizo mwaka 1994 zilipoonyeshwa Bamako. Ukizitazama utaona suruali pana, viatu virefu, miwani na mapazia. Lakini nguvu yake haiko katika mavazi. Iko katika ukweli kwamba kila kilichomo kimewekwa. Kijana yule anajua mwisho wa picha uko wapi, na miguu yake iko ndani ya mwisho huo. Hakuna kilichoingia kwa bahati.

Wa pili ni Zanele Muholi wa Afrika Kusini, katika mfululizo uitwao Somnyama Ngonyama, uliotolewa kuwa kitabu mwaka 2018. Muholi amefanya kinyume cha penseli ya studio: ameongeza tofauti ya mwanga na giza mpaka ngozi ikawa nyeusi kuliko ilivyo, na macho yakabaki yanawaka. Katika picha moja ya mwaka 2015, iliyopewa jina la mama yake, Bester, vibanio vya nguo vimepangwa kichwani kama taji na vingine vimening'inia masikioni. Mama huyo alifanya kazi za nyumbani kwa Wazungu miaka mingi. Kitu cha uani kimekuwa pambo la kifalme, wala hakikuacha kuwa kibanio.

Wapo wanaosema kwamba weusi huo uliozidishwa unarudia kosa la vioo vya zamani. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu chunguza shavu katika picha hizo: weusi wake una tabaka, una mng'ao, una umbo. Kioo cha zamani kilifuta, Muholi anachonga. Lakini nakubali kwamba anayeiga weusi huo kwa kubonyeza kitufe hapati kitu ila kinyago, kwa kuwa ameazima jibu bila kuwa na swali.

Sasa turudi nyumbani, kwani uhakiki usiomsaidia mtu kesho asubuhi ni maneno matupu. Puge hatuna taa za studio, lakini tuna milango. Simama ndani, hatua moja kutoka kizingiti, uso ukielekea nje na chumba chenye giza kikiwa nyuma yako. Mlango huo ni taa kubwa na laini kuliko ile ya kununua. Geuka kidogo ili mwanga uje kwa ubavu. Ngozi nyeusi hujieleza kwa mng'ao zaidi kuliko kwa vivuli: mstari wa mwanga juu ya paji la uso, juu ya mfupa wa shavu na ukingoni mwa pua ndio unaolijenga umbo. Mafuta kidogo usoni husaidia, poda huua. Saa za kazi hii ni kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi jioni, na wakati wa masika mawingu hukupa mchana kutwa.

Pili, usiishike simu kwa mkono. Kwa urefu wa mkono lenzi iko karibu mno na uso, pua hupanuka na masikio hurudi nyuma, kisha mtu hulaumu pua aliyopewa na Mungu. Iegemeze simu juu ya kinu au kigoda kilichopandishwa, tumia ile saa ya kujipigia ya sekunde kumi, na ukae mbali kiasi cha mita mbili. Tatu, gusa uso kwenye kioo cha simu ili kipimo kipime uso, siyo ukuta, halafu punguza mwanga mpaka ngozi ifanane na ngozi yako. Nne, zima urembeshaji. Tano, kama simu inakuruhusu, unapoondoa rangi pandisha kidogo wekundu na rangi ya machungwa: ngozi itapata uhai bila kuchubuliwa. Wenye filamu walipata hayo kwa kuweka kichujio cha rangi ya machungwa mbele ya lenzi.

Wazee wenzangu watasema haya yote ni majivuno. Nawaelewa, maana picha nyingi ni majivuno kweli. Lakini mwaka 1840 Mfaransa Hippolyte Bayard alijipiga akiwa amejifanya maiti aliyezama majini, kulalamikia serikali iliyompa sifa Daguerre na kumsahau yeye. Tangu mwanzo, basi, kujipiga picha kumekuwa pia njia ya kudai haki. Na tazameni misiba yetu. Mara ngapi tumemzika mtu huku picha iliyotangulia jeneza ni ile ya kitambulisho, imekuzwa hadi ikapasuka, macho yameduwaa kwa fleshi ya ofisini? Mtu aliyelima pamba na mpunga miaka hamsini anaagwa kwa sura aliyoivaa kwa sekunde moja akiwa kwenye foleni. Kama majivuno ni kuwaachia wajukuu uso ulio wako, basi ni majivuno yanayosameheka.

Kwa hiyo ninapoletewa picha sasa, siulizi kwanza kama mtu amependeza. Nauliza mambo matatu. Je, weusi wake una tabaka, au ni shimo? Je, kila kilichomo ndani ya picha kimewekwa, au kimejiingiza? Na je, mama mzazi akiiona atamjua mwanawe bila kuuliza? Ikifaulu yote matatu, ni picha njema, hata kama ilipigwa kwa simu ya bei ndogo iliyopasuka kioo. Ikishindwa la tatu, hayo mawili mengine hayataiokoa.