Tezi, Omo na Ngama: Tahakiki ya Majina ya Sehemu za Chombo katika Kamusi za Kiswahili

Mithali isemayo "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani" husomeshwa katika shule nyingi za Afrika Mashariki, na maana yake ya ndani yajulikana: ahangaikaye huku na huku mwishowe hurudi pale pale. Maana yake ya nje ndiyo iliyofifia. Mwanafunzi akifungua kamusi ataambiwa kwamba tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, omo ni sehemu ya mbele, na ngama ni sehemu ya ndani, chini, yanapokusanyika maji. Fasili hizo si za uongo, lakini hazimwelezi kwa nini marejeo yawe ngamani. Baharia wa jahazi hahitaji kuelezwa. Chombo cha mbao huvuja hata kikitiwa kalafati vizuri namna gani. Maji huteremkia ngamani, na lazima yatekwe kwa upo na kumwagwa baharini, mchana na usiku. Awe tezi au awe omo, baharia ataitwa ngamani. Mithali imejengwa juu ya kazi, na kamusi imetaja mahali tu.

Pengo hilo kati ya mahali na kazi ndilo shabaha ya tahakiki hii. Hoja inayotetewa ni kwamba majina ya sehemu za chombo katika Kiswahili ni mfumo wenye mihimili mitatu: mwili wa chombo, upepo, na kazi ya mabaharia. Kamusi zimeuhifadhi mhimili wa kwanza, zikaudhoofisha wa pili, na wa tatu karibu zimeuacha. Upungufu huo si wa wapenzi wa majahazi peke yao. Unamgusa mwalimu wa fasihi, unamgusa mtunga istilahi, na unawagusa watu wanaovuka maji kila siku.

Mahali panapofaa kuipimia hoja hii ni Mtongwe, bara ya kusini ya Mombasa, ukingoni mwa bandari ya Kilindini. Hapo Kimvita na Kidigo vimekaa pamoja. Mtu asimamaye ufuoni aweza kuona mtumbwi wa pondo na makasia, mashua ya mvuvi, meli za mizigo ziendazo gatini, na manowari za Jeshi la Wanamaji la Kenya, lililoanzishwa tarehe 12 Desemba 1964 na lenye kambi yake hapo hapo Mtongwe. Kivuko cha Mtongwe nacho kimeingia katika historia ya nchi. Ni nadra kupata mahali pengine ambapo vyombo vya zama mbalimbali vimekusanyika katika maji ya mkondo mmoja, na ambapo swali la majina yao ni la kila siku.

Kamusi na urithi wake

Haki ya waliotangulia isisahauliwe. Kamusi ya Krapf, iliyochapishwa London mwaka 1882, ilitokana kwa sehemu kubwa na Kiswahili cha Mombasa, hivyo ina hazina ambayo waliofuata hawakuwa nayo karibu. Madan alitoa kamusi yake mwaka 1903, na juu ya msingi huo Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, chini ya uhariri wa Frederick Johnson, ikatoa kamusi mbili mwaka 1939. Kamusi ya Sacleux ya 1939 na 1941 iliyaandika maneno ya lahaja nyingi kwa uangalifu usio kifani. Nje ya kamusi, utafiti wa Prins juu ya ubaharia wa Lamu, uliotolewa mwaka 1965, ulivieleza vyombo vikiwa vizima na watu wake wakiwa kazini.

Kasoro ilianzia katika njia ya kufasili. Mwandishi wa kamusi ya lugha mbili hulitafutia neno la Kiswahili mwenzake katika lugha ya Ulaya. Kwa maneno mengi njia hiyo yatosha. Kwa majina ya chombo haitoshi, kwa kuwa merikebu ya Ulaya ilitungiwa tanga na kamba za namna nyingine. Chukua mfano wa henza na jarari. Henza ni kamba nene ipandishayo foramali mlingotini. Jarari ni kamba ipitayo katika makapi, ambayo mabaharia huivuta ili ipate kuivuta henza. Moja hubeba uzito, nyingine huwapa watu nguvu za kuushinda uzito huo. Kiingereza kina neno moja tu la kawaida kwa kamba zipandishazo tanga, basi henza na jarari zikitafsiriwa kwa neno hilo huonekana kama visawe, ijapokuwa hakuna baharia awezaye kuagizwa moja akaleta nyingine.

Ilitarajiwa kwamba kamusi za lugha moja zingeiondoa kasoro hii. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981, ilikuwa hatua kubwa, kwa kuwa Kiswahili kilielezwa kwa Kiswahili. Hata hivyo, katika uwanja wa ubaharia, fasili fupi za namna ya "kamba ya tanga" au "sehemu ya chombo" hazimtoi msomaji mbali na alipokuwa. Zaidi ya hayo, mpango wa alfabeti huwatenganisha walio jamaa: omo iko kwa O, tezi kwa T, goshi kwa G, demani kwa D, wala msomaji haonyeshwi kwamba maneno hayo manne ni dira moja.

Dira ya chombo

Ubora wa mfumo wenyewe huonekana hapo. Omo na tezi ni za mwili wa chombo. Hazibadiliki kikiwa njiani wala kikiwa nangani. Wakati huo huo, upepo hupewa jina kwa kupimwa na mwili huo. Pepo za omo ni zile zinazomkabili nahodha, na pepo za tezi ni zile zinazomsukuma. Upepo mmoja, bila kubadili uelekeo wake, ni wa omo kwa chombo kiendacho na wa tezi kwa chombo kirudicho.

Goshi na demani hufuata kanuni nyingine. Tanga la jahazi hufungwa katika foramali. Pembe yake ya chini ya mbele ni ya goshi, na pembe ya chini ya nyuma huongozwa kwa kamba iitwayo demani. Kwa kuwa goshi hufungwa upande utokako upepo, na demani huvutwa upande uendako, pande zenyewe za chombo zimepata majina ya kamba: goshini, au joshini kwa matamshi mengine, ni upepo utokako, na demanini ni upepo uendako. Nahodha anapobisha na kukipindua chombo, foramali huhamishwa upande wa pili wa mlingoti, na ubavu uliokuwa goshini huwa demanini. Mabaharia wa Ulaya wanayo majina maalumu ya ubavu wa kulia na wa kushoto ambayo hayabadiliki kamwe. Jahazi limeuhesabu upepo kuwa na haki kuliko mkono wa kulia.

Kwa hiyo anayefasili demani kuwa kamba, kisha upande wa chombo, kisha majira ya mwisho wa kusi, kwa tarakimu tatu chini ya kidahizo kimoja, ameacha swali la kileksikografia bila jibu. Maana mbili za kwanza zina uhusiano wa wazi, kamba na upande inakovutwa. Maana ya tatu yahitaji uthibitisho wake yenyewe; yawezekana ni neno jingine lililofanana kwa sauti, na katika hali hiyo lastahili kidahizo chake. Hali ya tezi ni nyepesi zaidi: tezi ya chombo na tezi ya mwilini mwa mtu hazina budi kutengwa.

Wako wanaodharau msamiati huu kwa sababu sehemu yake kubwa ni ya mkopo. Ni kweli kwamba nahodha na nanga ni maneno yenye asili ya Kiajemi, usukani na sitaha ya Kiarabu, na kwamba goshi na demani wanazo mabaharia wa Ghuba pia. Lakini asili ya neno haisemi lolote juu ya makazi yake. Neno la Kiarabu la usukani limeingizwa katika ngeli kwa njia zaidi ya moja, likawa sukani, usukani na msukani, huku likiishi pamoja na shikio, neno ambalo msemaji hulihusisha bila shida na kitenzi "shika". Goshi na demani hupokea kiambishi -ni cha mahali kama zinavyokipokea nyumba na shamba. Sarufi ya Kiswahili ndiyo iliyoshika usukani.

Hoja ya kufa kwa maneno

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba maneno haya yamekwisha wakati wake. Majahazi ya biashara yamepungua, mashua zimefungwa injini, na lugha haipaswi kugeuzwa makumbusho. Ni kweli kwamba henza na jarari hazina kazi katika feri, na kumlazimisha fundi wa injini kuzitumia ni upuuzi. Lakini msamiati wa chombo umekwisha kuonyesha uwezo wake wa kuhama. Rubani, aliyekuwa kiongozi wa vyombo baharini, sasa huongoza ndege. Usukani uko ndani ya kila gari. Mlingoti hubeba bendera, na magazeti huandika kwamba mashindano yameng'oa nanga. Wanaisimu wenyewe hawawezi kujitenga: kitenzi "unda" kilitumika hasa kwa kazi ya waunzi wa vyombo, na kiunzi kilikuwa gofu la chombo kinachoundwa. Hao ndio waliowapa wanaisimu muundo wa sentensi na kiunzi cha nadharia.

Feri yenyewe yaweza kutumika kama kipimo. Feri nyingi za mkondo wa Likoni zina milango pande zote mbili, magari yakiingilia upande mmoja na kutokea upande wa pili, nazo hurudi bila kugeuka. Gubeti hazina. Kamusi inayolinganisha omo na gubeti kana kwamba ni kitu kimoja haina la kusema juu ya chombo cha namna hii. Mfumo wa mabaharia unalo: gubeti ni kitu kilichoundwa, na omo ni upande unaokabili njia. Katika feri, basi, omo ya kwendea huwa tezi ya kurudia, kama vile goshi hugeuka demani. Neno la kale limekieleza chombo kipya, kwa sharti moja tu, kwamba fasili yake iwe sahihi.

Jambo hili lina uzito wake Mtongwe. Tarehe 29 Aprili 1994 feri iliyojaa abiria kupita kiasi ilipinduka katika kivuko hicho, na watu 272 wakafa. Haiwezi kudaiwa kwamba neno lolote lingewaokoa. Sababu za msiba zilikuwa nje ya kamusi. Lakini ni haki kuuliza abiria huelezwa kwa lugha gani mahali pa kusimama, mahali pasipostahili watu wengi, na njia ya kutokea. Lugha iliyo na omo, tezi, ubavu, sitaha na ngama haina sababu ya kumwacha abiria wake na ishara za mkono au maneno ya Kiingereza yaliyobandikwa ukutani.

Kazi inayowakabili waandishi wa kamusi ni ya aina tatu. Kwanza, kila jina lielezwe kwa mahali pake, kazi yake, na vitenzi vinavyoandamana nalo, kwa maana tanga hutwekwa na kutuliwa, na chombo hukalafatiwa. Pili, majina yaliyo jamaa yarejeshwe pamoja kwa marejeo ya ndani na kwa michoro ya vyombo vya pwani hii. Tatu, maneno yakusanywe kwa wasemaji, Mtongwe, Lamu, Tanga, Unguja na Pemba, kabla hayajakusanywa kutoka kamusi nyingine, na tofauti za lahaja ziandikwe bila kufichwa. Kazi hiyo ikifanywa, mwanafunzi wa mithali ataambiwa kilichomo ngamani, na kwa nini hakuna baharia asiyerudi huko.