Uaminifu wa Spika

Neno hai-fai maana yake ni uaminifu wa hali ya juu: kwamba sauti itokayo kwenye spika ifanane na ile iliyoimbwa. Nimekuwa muumini wa neno hilo kwa zaidi ya miaka 40, na kuwa mkuu wa chuo cha ualimu hakukuniponya. Sasa nimestaafu, nami nataka kuipima imani hiyo kwa haki, kama mwalimu asahihishavyo insha: kwanza mazuri yake, kisha makosa.

Mazuri yapo. Sikio la kijana husikia mitetemo kuanzia 20 hadi 20,000 kwa sekunde, lakini redio ya masafa ya kati hupitisha sehemu tu ya hiyo. Siku nilipopata kikuza sauti kizuri na spika mbili za mbao, nilisikia katika nyimbo za Mbaraka Mwinshehe gitaa la besi ambalo redio yangu ndogo ya betri ilikuwa imenificha miaka yote. Kifaa kizuri hufunua kazi ya msanii. Anayebisha hajapata kuketi mbele yake.

Makosa yalianzia hapo hapo. Baada ya muda sikuwa nasikiliza wimbo tena. Nilikuwa nakagua spika. Niliuliza kama matoazi yanalia sawasawa, na mwimbaji alisema nini sikujua. Watoto walikatazwa kugusa chochote. Leo ni watu wazima, na wanachokumbuka juu ya muziki wa nyumbani kwetu ni kunyamazishwa.

Kosa kubwa ni hili. Nilikuwa na kaseti niliyomnasa mama yangu akiimba nyimbo za kutwangia. Ilikuwa na mvumo, kuku wakilia, mchi ukigonga kinu. Nikaihesabu kuwa kanda mbovu. Lakini utepe wenyewe ulikuwa wa aina bora, adimu wakati ule, basi mwaka 1986 nikarekodi juu yake muziki wa kujaribia spika. Mama alifariki miaka miwili baadaye. Muziki ule wa majaribio hata siukumbuki.

Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kunasa nyimbo zake kwenye santuri za mizunguko 78 kwa dakika. Ukizipiga, mkwaruzo ni mwingi, na upande mmoja huisha kwa dakika chache tu. Kwa vipimo vya hai-fai zimeanguka mtihani. Lakini ndani ya mkwaruzo ule yumo mtu, naye anasikika. Kama waliozitunza wangekuwa na masikio yangu ya mwaka 1986, zisingetufikia.

Sasa nina spika nzuri kuliko zote nilizopata kumiliki, na uzee umenichukulia sauti nyembamba za juu. Matoazi niliyoyahangaikia siyasikii vema. Sauti ya mtu akiimba bado naisikia, tena ndiyo niliyoipuuza.

Basi, msomaji wangu, sikukatazi kununua kifaa kizuri. Nunua kinachokutosha, kisha wape watoto ruhusa ya kukiwasha. Wazee wako wakiimba au wakisimulia, wanase, hata kwa simu, hata kama kuku wanalia. Na usifute.