Kuchora Nane Majini

Wavuvi wengi humsifu mtu kwa mkono wake wa kurusha. Katika maziwa ya kaskazini mwa jimbo la Wisconsin, Marekani, nimejifunza kumsifu kwa anachofanya mrusho unapokwisha. Chambo kimerudi hadi ubavuni mwa boti, mshipi uliobaki nje ni shibiri mbili tu, na mkono unatamani kunyanyua ufito urushe tena. Hapo ndipo uvuvi wa maski unapoanza.

Maski, au maskelunji kwa jina lake refu, ni samaki mrefu wa maji baridi, mwenye mdomo bapa na mistari ya giza ubavuni inayompoteza kabisa katikati ya majani. Meno ya kwenye kaakaa lake yamelalia ndani, kwa hiyo kinachoingia hakitoki. Yale ya kwenye taya ni makali kiasi cha kukata mshipi, ndiyo maana kati ya mshipi na chambo hufungwa kipande cha waya. Hapendi kukimbiza windo masafa marefu. Hujibanza, hungoja, kisha huchomoka. Wisconsin ilimfanya samaki rasmi wa jimbo mwaka 1955, na wavuvi wa huko humwita samaki wa mirusho 10,000. Hesabu hiyo imetiwa chumvi, lakini aliyewahi kumtafuta haoni sababu ya kuibishia.

Mwenzangu katika safari hii ni mtu wa Shimoni, pwani ya Kenya, aliyekulia kwenye mshipi wa mkono akivua changu na kolekole pamoja na babake. Mwishoni mwa juma moja la Oktoba tulikwenda Chippewa Flowage, karibu na mji mdogo wa Hayward. Tulichagua Oktoba kwa sababu maji yamekwisha kupoa. Joto la maji linapofika nyuzi 27, maski aliyechoshwa na mshipi anaweza kufa hata akiachiwa, na mvuvi anayejiheshimu hamgusi hadi baridi irudi.

Ziwa hili lilitengenezwa na watu. Mwaka 1923 mto Chippewa ulizibwa kwa bwawa, maji yakapanda juu ya msitu, na juu ya kijiji na makaburi ya Waojibwe wa Lac Courte Oreilles, wenyeji wa asili ambao hawakuridhia. Historia hiyo ingali chini ya boti, na mvuvi hawezi kuipita bila kuiona: visiki vya msitu uliozama ndiyo maficho ya maski, na mkondo wa mto wa zamani ndiyo njia yake. Mwenzangu aliitandaza ramani ya vina magotini akaitazama kwa muda mrefu kabla ya kugusa ufito. Alitaka kujua palikuwa na nini kabla ya maji kufika. Nilipenda adabu hiyo. Anayevua juu ya makazi ya watu anapaswa angalau kujua yuko juu ya nini.

Sasa nirudi kwenye ufundi wenyewe. Maski ana tabia ya kufuata. Chambo kinaporudi, huja nyuma yake polepole, pua karibu na ndoana, wala haumi, hadi kwenye kivuli cha boti. Mvuvi akinyanyua, samaki hugeuka akazama, na habari imekwisha. Kwa hiyo mvuvi hanyanyui. Huinama, huizamisha ncha ya ufito majini, na bila kukisimamisha chambo hata kidogo hukipitisha katika umbo la nane, kwa mapana yote ya mikono yake. Kona lazima ziwe pana, maana samaki mwenye urefu wa mita na zaidi hawezi kupinda ghafla. Ukizibana, chambo kinampotea machoni. Kila unapoingia kwenye kona unaongeza mwendo na kukipandisha chambo kidogo, kwa sababu hapo ndipo anapoona nafasi ya kukikatia njia. Muda wote huo kidole gumba kiko juu ya rili, tayari kumlegezea mshipi.

Nane hii huchorwa baada ya kila mrusho, hata pale maji yanapoonekana matupu, na huo ndio ugumu wake. Mabega yanauma, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, na moyo unashawishi kwamba hapana kitu. Mwenzangu ana neno moja la kuujibu ushawishi huo, ambalo hunirudishia mimi na kujirudishia mwenyewe: “Yakhe, hatujamaliza.”

Jumamosi jioni alikuwa omo, mimi tezi. Aliinama kuchora nane yake, kisha akasema kwa sauti ya chini, “Yupo.” Chini ya chambo palikuwa na kitu cha rangi ya shaba kilichoonekana kama gogo, hadi kilipotikisa pezi. Kwenye kona ya kwanza kilipita chini bila haraka. Mwenzangu hakubadilisha mwendo. Kwenye kona iliyofuata weupe wa mdomo ulifunguka, maji yakalipuka, na ufito ukapinda hadi ubavuni mwa boti. Niliacha wangu nikashika wavu.

Wakati mmoja hadithi ya samaki huyu ilikuwa ikiishia kwenye mizani. Samaki wawili wanaotajwa hadi leo kuwa maski wakubwa kuliko wote walivuliwa mwaka 1949 katika eneo hilihili la Hayward: Cal Johnson alimvua wake wa kilo 30.6 katika ziwa Lac Courte Oreilles, na Louis Spray wake wa kilo 31.6 humo Chippewa Flowage. Ubishi kuhusu nani mwenye rekodi haujaisha. Mwaka 1966 Gil Hamm aliunda chama cha Muskies, Inc. huko St. Paul, Minnesota, ili kuwarudisha maski majini, na desturi ya kumwachia samaki ikaota mizizi miongoni mwa wavuvi. Siku hizi fundi hupimwa pia kwa jinsi anavyoachia.

Kuachia nako kuna kanuni zake. Maski haletwi botini kwanza. Hubaki majini ndani ya wavu mpana, akipumua. Ndoana hutolewa kwa koleo ndefu, na iliyozama vibaya hukatwa kwa mkasi wa kukatia chuma. Ndoana nyingine itanunuliwa dukani, lakini jike la ukubwa huo huenda limechukua miaka 15 kukua. Mwenzangu alimshika shina la mkia, akamshikilia majini tumbo likiwa chini, akangoja bila kumsukuma hadi alipojivuta mwenyewe mkononi mwake.

Nilimuuliza kama haoni ajabu, yeye aliyelelewa kwa samaki wa chunguni, kumwachia samaki kama yule. Akasema kwao samaki ni chakula cha watoto, na hakuna wa kulaumiwa kwa kumla. Lakini babake pia alimfundisha kutomaliza wazazi wa samaki. Sikuona haja ya kuongeza neno.

Kurusha kunaweza kufanywa na mtu mmoja, ila kumalizia vizuri kunataka watu wawili: mmoja mwenye ufito na mmoja mwenye wavu, mmoja anayechoka na mmoja anayemkumbusha. Naupenda ufundi huu kwa kuwa hauruhusu mtu kuilegeza hatua ya mwisho eti kwa sababu kazi kubwa imekwisha fanyika. Na namshukuru rafiki anayenidai hatua hiyo hata pale ambapo macho yangu hayaoni kitu majini. Mwenye rafiki wa namna hiyo asingoje mwaka mwingine. Oktoba ikifika, amwalike waende ziwani.